Kipande Kisichopakwa Chokaa

Mimi ndiye niliyekataa chokaa. Nasema mapema ili usije ukasikia kwa Omega, maana Omega akisimulia ananionea huruma, na mimi huruma ya mtu siitaki. Nilikataa miaka sita mfululizo. Nilikataa kwenye vikao, nilikataa kwenye simu, na mwaka juzi nilikataa mbele ya wazungu wawili waliokuja kutembea, wakabaki wananitazama tu.

Ngoja nikueleze vizuri. Kuna njia ya miguu inayotoka Ifakara mpaka Mahenge. Sisemi barabara, barabara ipo na magari yake na vumbi lake. Nasema njia ya miguu, ile waliyopita wazee wetu wa Kipogoro walipokuwa wanashuka bondeni kulima mpunga na kupanda tena milimani mavuno yakiisha. Ni siku tatu kwa mwendo wa mtu mzima. Siku ya kwanza unavuka mto Kilombero na kukata mbuga mpaka Lupiro. Siku ya pili unalala chini ya mlima. Siku ya tatu unapanda, na hapo ndipo utajua kama magoti uliyonayo ni ya kwako au uliazima.

Kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ya mwezi wa nane, tunatembea njia hiyo. Wanakuja Wapogoro waliozaliwa Ifakara ambao Mahenge wanaijua kwa misiba tu. Wanakuja watu wa utafiti wa malaria, wanakuja wafanyakazi wa mashamba ya miwa, Waislamu kwa Wakristo. Mwenyekiti wetu mwenyewe, huyo Omega, ni Mlutheri wa Njombe aliyefanya kazi kwenye miwa miaka thelathini akastaafia Ifakara, na hiyo Kupalizwa anaisubiri kuliko paroko.

Sisi tunaoitunza tunaitwa watu wa njia. Tuko kumi na wanane na hatulipwi. Njia tumeigawa vipande vinne, na kila kipande kina wenyewe: wanafyeka, wanaweka magogo kwenye vijito, wanapaka mawe chokaa ili mgeni aone pa kupita, na siku ya matembezi wanawaongoza watu. Tunachopata ni fulana moja kwa mwaka na ugomvi usiokwisha kuhusu nani kapoteza fyekeo.

Kipande cha pili, kutoka mtoni mpaka Lupiro, ni changu. Kilikuwa chetu, mimi na marehemu mume wangu Beatus. Ni kilomita kama kumi na nne za matete na nyasi zinazompita mtu kichwa. Tambarare tupu. Mvua zikinyesha pale ni ziwa, na maji yakiondoka kila kitu kimehama isipokuwa vichuguu. Ndiyo maana Beatus alipita kwa vichuguu. Unasimama kwenye hiki, unaangalia mpaka ukione kile, unakwenda. Viko thelathini na kimoja, na kila kimoja alikipa jina.

Mara ya kwanza kunipitisha pale ilikuwa mwaka themanini, tumefunga ndoa wiki moja, ananipeleka Mahenge nikaonwe na mama yake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na mzigo kichwani. Enzi hizo mto unavukwa kwa pantoni, na pantoni ilikuwa raha, jamani! Unaweza kuisubiri nusu siku. Watu wanakaanga samaki, watu wanasukana, wanawake wanachekana, na mkifika ng'ambo mmeshakuwa ndugu. Leo kuna daraja zuri, silisemi vibaya, daraja limeokoa wajawazito wengi. Lakini unavuka hata hujamjua aliyekaa pembeni yako.

Basi siku ile Beatus anatangulia, mimi nyuma, ananitajia. Hiki ni Kichuguu cha Padri, padri mmoja alipumzika hapa akasahau kofia. Hiki ni cha Sikitu, dada yangu alizaliwa hapa, mama akiwa njiani kumpelekea mwenzake chumvi. Tulipofika cha kumi na mbili nikamwambia nimechoka, akasema bado kidogo. Nikamwambia hiyo bado kidogo yako nimeisikia tangu asubuhi. Maneno yakazaa maneno. Nikatupa mzigo chini nikasema mimi narudi kwetu. Yeye hata hakunibembeleza. Alikaa juu ya kichuguu, akafungua mzigo wangu, akaanza kula ndizi zangu moja baada ya nyingine, akinitazama. Ya tatu nikacheka. Kuanzia hapo kile kikaitwa Kichuguu cha Ugomvi, na miaka thelathini na tisa tuliyoishi pamoja hatukukipita hata mara moja bila kukaa pale tukala ndizi.

Magari yalipozidi, watu wakaacha kutembea, njia ikafa. Miaka ishirini na moja iliyopita Beatus na wenzake watatu wakaifufua. Ndipo nilipojifunza kazi. Alinifundisha kufyeka kwa kipimo cha mwanamke mwenye mzigo kichwani, kwamba ukikata chini ya hapo umemtengenezea njia mwanamume asiyebeba kitu. Na alinifundisha siri ya mlango. Hii ndiyo iliyoleta yote, kwa hiyo isikilize.

Mbugani kuna ng'ombe wengi wa wafugaji. Ng'ombe wakiiona njia iliyofyekwa wanaifuata, na baada ya wiki mbili hiyo si njia tena, ni tope. Kwa hiyo Beatus, kila njia ilipokutana na mapito ya ng'ombe, alikuwa hafyeki mlango. Hatua kumi za kwanza aliziacha na nyasi zake, ndefu, zimefunga kabisa. Ukizivuka, ndani njia nyeupe. Asiyejua akifika pale anaona mapito ya ng'ombe, mapana, safi, yanayokaribisha, anaingia huko kwa furaha zake. Anayejua anaingia kwenye nyasi pasipo na njia.

Beatus alifariki miaka sita iliyopita, presha, siku mbili tu. Tulimzika Mahenge kwa mama yake, lakini mimi kaburini pale simuoni. Ni jiwe na msalaba. Ninapomwona ni mbugani. Nikiingia peke yangu na fyekeo langu mwezi wa saba, nikifika cha Padri naanza kumweleza habari za nyumbani. Gosbert kahamishiwa Dodoma, mpunga mwaka huu umeliwa na ndege, goti linauma. Nikifika cha Ugomvi nakaa, nakula ndizi zangu mbili, moja yangu na moja yake. Usinicheke. Wewe hujaachwa.

Sasa Omega akaja na habari ya chokaa. Vipande vyote vina alama, Mama Gosbert, chako tu hakina. Nikasema maji yataosha. Akasema tutapaka upya kila mwaka. Nikasema basi wekeni vigingi muone kama wafugaji hawatavifanya kuni. Hapo akakubali, maana hilo ni kweli. Lakini mimi nilijua moyoni kwamba siyo sababu. Sababu ni kwamba kila mwaka watu sabini, themanini, walikuwa wanafika pale mbuga inapoanza wanasimama. Hawawezi kupita. Wananisubiri mimi. Natoka mbele, nakagua viatu vyao, nawagombeza wenye ndala, halafu nasema, "Nifuateni." Na watu wote hao wananifuata mimi, na mimi namfuata Beatus. Wakishapaka chokaa, nani atanisubiri? Na yeye atakuwa wapi?

Mwaka huu, kikao cha mwezi wa sita, hoja haikutoka kwa Omega. Ilitoka kwa Dativa. Dativa ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka ishirini na nane, ametembea na mimi mara nne akiwa nyuma yangu kabisa, na kusema kweli nampenda. Akasimama kwa adabu zake.

"Mama, shikamoo tena. Mimi naomba kuuliza tu. Siku ukiumwa, tutapitaje?"

"Siku nikiumwa mtapita barabarani na bodaboda zenu," nikasema.

"Lakini Mama, hiyo itakuwa siyo njia."

"Basi nitajitahidi nisiumwe, mwalimu. Umeridhika?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akasema kama siko tayari kupaka chokaa, basi nimfundishe yeye vichuguu, mwaka huu, kabla ya matembezi. Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Nikawaambia kama wanakitaka kipande wakichukue, waingie wenyewe wafyeke wenyewe, mimi nimemaliza, na nikatoka bila kunywa soda yangu. Nilisusa. Mwanamke wa miaka sitini na sita, nimesusa kama bibi harusi.

Nilikaa nyumbani kwangu Mlabani, hapa hapa Ifakara, nikingoja waje kuniomba. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wiki ya tano, wiki mbili kabla ya matembezi, nikasikia kwa jirani kwamba Dativa na Jofrey wa kipande cha kwanza wanaingia mbugani Alhamisi kufyeka. Hawakunitumia hata salamu. Nikasema haya, tutaona.

Alhamisi hiyo nilikaa kibarazani napeta mchele, simu iko pembeni ya ungo. Nakwambia kweli tupu: nilikuwa naingoja ilie. Nilijua watavivuka vichuguu kumi na kimoja bila shida, vya mwanzo viko karibu karibu, hata ukiukosa mlango wa kule mwanzoni kinachofuata unakiona, na Dativa ana macho. Nilijua watafika cha Ugomvi. Na nilijua kwamba pale cha Ugomvi mlango umefungwa na nyasi, na mapito ya ng'ombe yanakwenda kushoto, mapana, mpaka kwenye bwawa la viboko. Mara zote nne alizotembea alikuwa nyuma ya watu sabini. Akifika pale, nyasi zimeshakanyagwa. Mlango hakuwahi kuuona.

Saa nane mchana simu ikalia. Omega.

"Mama Gosbert, shikamoo."

"Marahaba."

"Dativa na Jofrey waliingia saa moja asubuhi. Walisema saa sita watakuwa Lupiro. Hawajafika, na simu zao hazipatikani."

Moyo wangu ulicheka. Mungu anisamehe, ulicheka kweli. Nikasema, "Si walisema wanajua?"

Omega akasema taratibu, "Wameingia na chupa moja moja ya maji, Mama. Na jua unaliona."

Nikatazama nje. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati, hata kuku walikuwa wamejificha. Nikainuka ghafla mpaka mchele ukamwagika. Nikasema Mama Maria, nimefanya nini?

Bodaboda ilinifikisha darajani, nikamwambia dereva aendelee mpaka mbuga inapoanza, nikashuka na galoni ya maji na panga. Omega alikuwa anatoka upande wa Lupiro na watu wengine, lakini upande ule wasingeweza kuona kitu. Niliingia peke yangu. Sikuongea na Beatus siku hiyo. Nilipita cha Padri, nikapita cha Sikitu, goti linapiga kelele, natembea nusu nakimbia nusu, na kila kichuguu nilichopita kilikuwa kimefyekwa vizuri, kwa kipimo cha mwanamke mwenye mzigo. Hilo liliniumiza zaidi. Yule binti alikuwa ananisikiliza miaka yote hiyo.

Pale cha Ugomvi nikaona alama za buti zao zimekwenda kushoto. Nikaanza kuita. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nusu saa mbele, karibu kabisa na bwawa, nikamwona Jofrey juu ya kichuguu kimoja kisicho na jina anapunga shati. Dativa alikuwa amekaa chini yake. Midomo imepasuka, mikono imechanwa na matete, mguu mmoja kavua buti umevimba. Viboko walikuwa wanakoroma ng'ambo ya matete, hatua kama mia mbili.

"Shikamoo, Mama," akasema. Hata hali ile, shikamoo!

"Marahaba, mwanangu. Kunywa. Taratibu."

Akanywa. Halafu akasema, "Jofrey alitaka tuendelee kutafuta, nikamwambia tusihangaike, tukae hapa hapa. Mama Gosbert atakuja. Nilijua huwezi kutuacha."

Wangenitukana ningevumilia. Wangeniambia bibi mchawi ningejibu. Hilo la nilijua huwezi kutuacha nililisikia, nikajifanya nafunga galoni.

Tulirudi polepole mpaka cha Ugomvi, Jofrey amemshika mkono. Pale nikawasimamisha, nikasogeza zile nyasi ndefu kwa panga, nikawaonyesha. Hatua kumi, halafu njia ya mwaka jana, nyasi zake bado fupi, imenyooka. Dativa akaingiza kichwa akachungulia.

"Kwa hiyo mlango mnauacha na nyasi makusudi?"

"Makusudi. Kwa sababu ya ng'ombe."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini, Mama?"

Ningeweza kusema nilisahau. Uzee unasamehewa mambo mengi. Lakini nilikuwa nimechoka, na pale ni mahali ambapo miaka yote sikuweza kumdanganya Beatus. Nikamwambia, "Nilitaka mpotee kidogo."

Akanitazama usoni. Hakupandisha sauti. "Kidogo ni kiasi gani, Mama?"

Nilikaa chini pale kwenye udongo na nikamwambia samahani, mimi niliyemzidi miaka karibu arobaini, mbele ya Jofrey. Nikamweleza yote. Ndizi, mazungumzo, ile nifuateni. Nikamwambia mkishapaka chokaa mimi sina pa kumkuta mume wangu. Jofrey akageuka pembeni akajifanya anakagua fyekeo. Dativa alikuwa analia, sijui kwa maumivu ya mguu au kwa mambo yangu. Akasema, "Ungesema hivyo kwenye kikao, Mama, mimi ningenyamaza." Nikamwambia ndiyo maana sikusema.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimpigia Omega kabla hajanywa chai. "Leta chokaa," nikasema. "Na brashi, na watu. Kesho." Akataka kuuliza kitu, nikakata simu.

Walikuja watu kumi na wawili na ndoo sita. Dativa alikuja na mguu wake umefungwa bandeji, nikamwambia rudi nyumbani, akasema hasikii, na kweli hakusikia. Alikuwa na daftari la shule. Utaratibu ulikuwa huu: mimi natangulia, nasimama kwenye kichuguu, nataja jina na sababu yake, yeye anaandika, wengine wanapaka upande wa njia, mkanda mweupe wa kiasi cha kiuno. Kwenye milango tuliacha nyasi zimesimama, lakini kichuguu cha mbele yake tukakipaka juu kabisa, kionekane kupita nyasi.

Cha Padri kilikuwa rahisi. Cha Sikitu wanawake wakapiga vigelegele. Tulipofika cha kumi na mbili nikasema, "Hiki kinaitwa cha Ugomvi, andika, tuendelee." Omega akasema ugomvi gani tena, Mama Gosbert, mbona hiki hukitolei sababu? Wote wakasimama na brashi zao. Dativa alikuwa anajua, alinisubiri tu na kalamu.

Basi nikawaambia. Mzigo nilioutupa, ile bado kidogo, ndizi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika pale alipokuwa ananitazama huku anatafuna, Omega alicheka mpaka akakaa chini, na mmoja wa wanawake akasema huyo mzee alikuwa mtundu! Walicheka wote, kwa upendo, naona. Na mimi nikacheka nao. Lakini nakwambia, wakati nacheka nilikuwa nahisi kitu kinatoka mikononi mwangu. Miaka thelathini na tisa kicheko kile kilikuwa cha watu wawili. Mmoja akafa, kikawa changu peke yangu. Sasa kilikuwa cha watu kumi na watatu, na ndani ya daftari la mistari.

Jioni, wenzangu walipotangulia Lupiro kutafuta chai, nilibaki nyuma kidogo. Nikasimama kwenye njia nikasema, Beatus, umeona? Nikangoja. Kwa kawaida huwa sisikii sauti, mimi siyo mwehu, lakini huwa najua kwamba yupo. Siku ile niliona mikanda myeupe tu, mmoja baada ya mwingine, inakwenda mpaka mwisho wa macho. Mtoto mdogo angeweza kuifuata.

Siku ya matembezi goti lilikuwa limevimba. Daktari alishasema nisiende hata sokoni. Hata hivyo niliamka, nikavaa fulana ya mwaka huu, nikachukua bodaboda mpaka pale mbuga inapoanza, nikasimama mahali pangu saa moja kasoro. Ukungu ulikuwa bado mtoni. Nikawasikia wanakuja kabla sijawaona, wanaimba, halafu wakatokea, watu themanini na watatu, Dativa mbele na fimbo mkononi.

Akasimama. Akanyoosha mkono, wote wakasimama nyuma yake. "Shikamoo, Mama. Tumefika. Sema nao."

Nikawatazama. Wenye ndala walikuwepo, kama kawaida. Maneno yangu yote yalikuwepo mdomoni, yamejipanga. Nikamtazama yule binti, mguu haujapona sawasawa, kanisimamishia watu themanini na watatu ili nisijisikie vibaya, baada ya nilichomfanyia. Nikasema, "Mnasimama nini? Jua linapanda. Wapitishe."

"Mama, una uhakika?"

"Dativa, usinichoshe. Pita."

Akapita. Alifika kwenye mlango wa kwanza, akaziangalia zile nyasi, akaingia ndani yake bila kusita hata kidogo. Na wengine wakamfuata. Walinipita mmoja mmoja, shikamoo Mama, shikamoo Bibi, marahaba, marahaba, wengine wananijua, wengine hawanijui kabisa, kwao mimi ni mwanamke aliyesimama kando ya njia. Wa mwisho alikuwa Omega, ndiye anayefunga msafara. Alivua kofia, akafungua mdomo, nikamwambia usiseme kitu, akavaa kofia yake akaingia.

Nilisimama pale. Nilisikia nyimbo zao, halafu sauti tu, halafu matete. Nikakaa nusu saa nzima na simu mkononi. Sitaki kukudanganya, kuna sehemu yangu ilikuwa bado inangoja ilie. Haikulia. Walikuwa wanakwenda vizuri.

Nikajikokota mpaka Kivukoni, penye daraja. Kuna mama mmoja anauza chai na vitumbua pale, mgeni, katoka Usukumani na mumewe mwaka huu huu, hanijui na simjui. Akaniona na fulana na viatu vya safari na vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti. Ulikuwa unasindikiza wageni?"

"Nilikuwa namsindikiza mume wangu," nikasema. Sikupanga kusema hivyo, lilitoka lenyewe.

"Ooh. Amesafiri nao? Anarudi lini?"

"Harudi, mwanangu. Alifariki miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimemshika tu."

Hapo nikalia. Mimi nisiyelia mbele za watu, nililia mbele ya kikaango cha mtu nisiyemjua, kwa sauti, fulana yote ikalowa. Yule mama aliepua vitumbua vilivyokuwa vinataka kuungua, akavuta kigoda chake karibu na changu, akakaa.